Kabla Hujasafisha Hiyo Picha ya Zamani

Wasee wa kutengeneza karatasi za albamu za dijitali, hebu tuongee. Utaratibu wenu naujua, ni wangu pia. Unashusha klipu-ati ya kitambo, kandege ama ua, unavuta vitufe mpaka nyeupe iwe nyeupe kabisa na nyeusi iwe tititi. Unafuta madoa. Halafu unairudiarudia na kuififisha mpaka ijaze pikseli 3,600 kwa 3,600, yaani inchi 12 kila upande ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi. Juu yake unaweka picha ya shosho akiwa msichana. Imeisha hiyo.

Shida iko hapo kwa "madoa".

Picha nyingi za aina hiyo zilichongwa kwenye mbao, na jina kubwa la kazi hiyo ni Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, aliyeishi 1753 hadi 1828. Alichonga kwenye mti mgumu sana, tena si ubavuni bali kwenye kikato, pale gogo linapokatwa kama chapati. Hapo kifaa cha kuchongea hakifuati nyuzi za mti, kwa hivyo mstari unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Kitabu chake cha wanyama kilitoka 1790. Cha ndege kilikuja kwa juzuu mbili, 1797 na 1804, na kina vipicha vya kuchekesha mwishoni mwa sura. Kwa kimoja kuna jamaa anavuka mto akishikilia mkia wa ng'ombe, amekwepa kulipia daraja, na kofia yake ndiyo hiyo inapeperuka. Huyo tunamjua, bana.

Sasa sikia ujanja wake. Pale alipotaka milima ionekane mbali, Bewick alikwangua uso wa ubao ushuke kidogo kabla ya kuchonga. Mashine ikikandamiza, pale panaguswa kidogo tu, wino unatoka hafifu. Ule ukungu wa kijivu unaoufuta kwa kubonyeza mara moja ni kazi aliyoipanga. Ukivuta mwangaza hadi mwisho, umefuta mlima.

Uzuri mwingine wa ubao ni kwamba ulikuwa kimo kimoja na herufi za risasi, kwa hivyo picha na maneno vilichapwa pamoja kwa mpigo mmoja. Kazi ikasambaa. Kule New York, Alexander Anderson alinakili wanyama wa Bewick, kitabu kikatoka 1804. Baadaye viwanda vya herufi vikaanza kutengeneza mabamba ya chuma, mengi ya picha moja, na kuyauza kwa katalogi. Mwenye gazeti anaagiza meli, farasi, nyumba. Manze, hiyo ni klipu-ati, kabla hata stima haijafika nyumbani kwa mtu.

Na ndani ya katalogi hizo kulikuwa na mtu. Mweusi, anatembea mbio, mzigo umefungwa kwa fimbo begani. Wachapaji wa kusini mwa Marekani walimweka kwenye matangazo ya watumwa waliotoroka, yale ya kuahidi pesa kwa atakayewakamata. Bamba moja, watu tofauti. Wiki hii kijana, wiki ijayo mzee mwenye kovu; maneno ya chini yanabadilika, picha ni ile ile. La mwanamke lilikuwepo pia. Julai 1837 jarida la wapinga utumwa, The Anti-Slavery Record, lilichapisha picha hiyo na kusema wazi kuwa mabamba yake yanatengenezwa hapo hapo New York kwa soko la kusini. Yaani mji ambao utumwa ulikuwa umekwisha kwa sheria tangu 1827 ulikuwa bado unauza kichwa cha tangazo.

Sasa mkate huyo mtu kutoka gazetini. Futa maneno, lainisha kingo, mgeuze rangi ya kahawia. Anabaki msafiri mzuri wa zamani, anafaa kabisa kwa karatasi ya albamu ya safari ya Diani. Hakuna doa hata moja, na ndiyo maana inatisha.

Kwa hivyo mimi sianzi na kifutio siku hizi. Naacha faili la kwanza jinsi lilivyo, naandika kitabu na mwaka kwenye jina lake, kisha navuta picha karibu. Doa la karatasi limetupwa ovyo, halifuati chochote. Mstari wa mchongaji unafuata unyoya, jani, mkunjo wa nguo. Na kama ukurasa mzima upo, nasoma kwanza kile kilichoandikwa kando ya picha.