Lisbon: vilima saba na dhahabu ya Kilwa

Wenyeji wa Lisbon husema mji wao umekaa juu ya vilima saba. Anayeuzunguka kwa miguu hachelewi kushuku hesabu hiyo, maana kila ngazi anayoimaliza humfikisha kwenye ngazi nyingine. Chini kabisa unapita mto Tejo, mpana kama ghuba, ukielekea Bahari ya Atlantiki. Kutwa moja inatosha kuushuka mji mkuu huu wa Ureno, toka ngomeni hadi mtoni, na karne zake zikafuata njia hiyohiyo.

Asubuhi huanzia kwenye Ngome ya São Jorge. Kwa zaidi ya miaka 400 kilima hiki kilikuwa mikononi mwa Waislamu waliovuka kutoka Afrika Kaskazini. Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuteka mji kwa msaada wa askari wa Vita vya Msalaba. Chini ya ngome kuna Alfama, mtaa wa vichochoro ambavyo mtu wa Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatavishangaa. Jina lake limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto, la ukoo mmoja na hamamu ya Kiswahili. Upande wa pili ni Mouraria, walikowekwa Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa. Ndiko alikofia Maria Severa mwaka 1846, mwimbaji anayehesabiwa kuwa mama wa fado, muziki wa huzuni ambao UNESCO iliutambua mwaka 2011 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Bondeni mambo hubadilika ghafla. Mitaa ya Baixa imenyooka kama mistari ya daftari, na sababu yake ni msiba.

Tarehe 1 Novemba 1755 ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalikuwa yamejaa waumini, mishumaa ikiwaka, ardhi ilipotetemeka. Waliokimbilia ukingo wa mto walikutwa na tsunami, kisha moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Maelfu walikufa. Mfalme José I aliingiwa na hofu ya kuta za mawe, akahamia kwenye kasri la mbao huko Ajuda. Kazi ya kuujenga mji upya aliisimamia waziri wake, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal. Nyumba mpya za Baixa zilifichiwa kiunzi cha mbao ndani ya kuta, mfano wa tundu la ndege, ili ziyumbe bila kuanguka. Juu ya kilima jirani, kanisa la Carmo halikuezekwa tena. Matao yake yamebaki wazi chini ya anga.

Kupanda vilima hivyo kulikuwa adhabu hadi mhandisi Raoul Mesnier du Ponsard alipoleta tramu za mlimani: Lavra mwaka 1884, Glória 1885 na Bica 1892. Mabehewa mawili hufungwa kwenye waya mmoja kama ndoo mbili za kisima. Moja likishuka, jingine hupanda. Ni yeye pia aliyebuni lifti ya chuma ya Santa Justa, yenye urefu wa mita 45, iliyofunguliwa mwaka 1902. Historia hiyo ina doa jipya: tarehe 3 Septemba 2025 waya wa Glória ulichomoka, behewa likaporomoka na watu 16 wakapoteza maisha.

Mchana njaa huamua. Mfalme wa meza ni bacalhau, samaki wa bahari za kaskazini anayetiwa chumvi na kukaushwa kama ng'onda, kisha hulowekwa kabla ya kupikwa. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, vichochoro vya Alfama hufuka moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa kwenye makaa. Mswahili aliyeketi hapo hayuko ugenini kabisa. Meza na mvinyo ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na kuku wao wa piri-piri ana jina ambalo wanaisimu hulihusisha na pilipili yetu.

Alasiri ni ya Belém, magharibi mwa mji. Mwaka 1834 Ureno ilizifunga nyumba za watawa wa kiume. Miaka mitatu baadaye duka moja lililo karibu na Monasteri ya Jerónimos likaanza kuuza vitobosha vya maziwa na viini vya mayai, kwa mapishi yaliyotoka kwa watawa. Hadi leo huliwa vya moto, vikinyunyiziwa mdalasini.

Mdalasini huo una historia ndefu kuliko kitobosha chenyewe. Monasteri ilianza kujengwa mwaka 1501, na gharama zake zililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ndani yake amelala Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mwaka 1502 alirudi Afrika Mashariki na manowari, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida likaipora Kilwa yenyewe.

Dhahabu ile ya kodi haikupotea. Mfalme Manuel I aliifanya monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kazi inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, yaliyo kati ya Belém na katikati ya mji. Kwenye kitako chake kuna maandishi ya Kireno yanayotaja aliyeagiza, mwaka wa kukamilika, 1506, na mahali ilikotoka dhahabu: QILVA.