Kwa Nini Nilichagua Bombay

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie vijana, ambao siku hizi wengi wao hupata nafasi ya kusoma ng'ambo, juu ya namna ya kuchagua mji wa kukaa. Mimi si mtaalamu wa safari. Nilikaa ng'ambo mwaka mmoja tu, tangu Juni 1979 hadi Juni 1980, na mji niliouchagua ni Bombay, ambao tangu mwaka 1995 unaitwa Mumbai. Hata hivyo sababu iliyonipeleka huko ni ya historia, na historia hiyo ni ya pwani yetu hii.

Wale tuliolala bweni moja mtakumbuka maswali ya usiku baada ya taa kuzimwa. Kila mgeni aliulizwa: "Kwenu wapi? Kabila gani wewe?" Huyu akajibu Mgiriama, yule Mtaita, mwingine Mpokomo. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Kwetu Kengeleni." Bweni zima likacheka. Mmoja akasema Kengeleni si kabila, ni kituo cha basi. Sikumlaumu, kwa maana sikuwa na jibu jingine. Likizo ilipofika nilimwuliza baba, naye akaniambia nishike masomo yangu.

Aliyenijibu ni nyanya, na alinijibu kwa maneno machache: "Babangu alikuja kwa meli kutoka Bombay, wala hakuwa Mhindi. Alichukuliwa mtoto kutoka Nyasa."

Miaka ikapita. Mwaka 1979 nilikuwa karani katika shughuli za bandari, nikapewa nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja. Niliambiwa nichague bandari moja kati ya tatu: Liverpool, Rotterdam au Bombay. Wenzangu kazini hawakuona kuwa hilo ni jambo la kufikiriwa. Liverpool kuna Kiingereza na mpira, Rotterdam kuna mitambo mipya. Nilipoandika Bombay, mkubwa wangu aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikamwambia maisha ya huko ni rahisi na chakula nakijua. Hayo yalikuwa kweli, ila hayakuwa yote.

Sasa niwaeleze yale niliyoyasoma huko siku zangu za mapumziko. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika bahari yetu. Jahazi likikamatwa, watu waliomo waliwekwa huru. Lakini mtoto wa miaka 8 aliyetekwa karibu na ziwa Nyasa, huru yake ni ipi? Kumrudisha bara ni kumtia tena mikononi mwa watekaji. Kwa hiyo mateka hao waliteremshwa Aden, Shelisheli, Mauritius, na wengine Bombay. Hakuna aliyewauliza wanataka mji gani.

Baadhi ya watoto walipelekwa na wamisionari wa CMS mahali paitwapo Sharanpur, karibu na Nasik, kiasi cha kilomita 170 kutoka Bombay. Walifundishwa kusoma, kuandika, useremala na uhunzi. Walipewa majina mapya na kubatizwa. Ndiyo maana wenzetu wengi wa Kengeleni wana majina ya ukoo ya Kizungu.

Msidhani walikuwa watu wa kuhurumiwa tu. Jacob Wainwright, Myao aliyesoma Nasik, alikuwa pamoja na msafara wa Livingstone bwana huyo alipofariki mwaka 1873. Yeye ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi katika mti, kisha akafuatana na maiti hadi Uingereza, akawa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika kanisa la Westminster mwezi Aprili 1874. Chuma, aliyekuwa mmoja wa waliouongoza msafara ule hadi pwani, naye alikuwa ameachwa Bombay mwaka 1864 asome. Livingstone mwenyewe alimvusha kutoka Unguja katika meli yake ndogo, siku 45 baharini. Vitabu vyetu vya shule vilimtaja Livingstone kila ukurasa. Wainwright na Chuma walikuwa "watumishi waaminifu," basi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Miaka miwili baadaye CMS ilianzisha kijiji cha walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la Bartle Frere, aliyepata kuwa Gavana wa Bombay. Wakaitwa watu wa Nasik waje kuwa walimu, mafundi na viongozi wa wenzao. Wakaja. Watu wa Mombasa waliwaita Wabombei. Mabwana wa misheni waliwataka wawe watoto, lakini wao walikuwa watu wazima wenye kazi mikononi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 walilalamika wazi juu ya viboko na malipo madogo. William Jones, mmoja wao aliyetangulia kufika Rabai mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia wa msafara.

Mimi nilipanda gari la moshi nikaenda Nasik mwezi Desemba 1979. Nilikuta barabara inayoitwa Sharanpur, kanisa la zamani na makaburi. Nilitembea kati ya makaburi hayo asubuhi nzima nikitafuta jina la ukoo wetu, nisilione. Mzee mmoja mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Kabila langu." Hakucheka. Alinieleza kwamba *sharan* kwa lugha yao ni kimbilio.

Niliporudi nyumbani nyanya alikuwa hai bado, ingawa macho yalikwisha. Nilimwambia sikulipata jina. Akasema, "Hukulipata kwa sababu hakubaki huko. Yeye aliulizwa mara moja tu katika maisha yake, kubaki au kuja, akachagua kuja." Tangu siku ile sijaona haya kutaja kwetu. Kengele ya Freretown ipo mpaka leo pale njiani, na mahali pale pamepata jina lake kwayo. Kituo cha basi nacho kipo, yule rafiki yangu wa bwenini hakukosea.

Basi vijana, mkipewa kuchagua mji wa pwani wa ng'ambo, tazameni nauli, kodi ya chumba na masomo yenyewe, maana hayo hayana budi. Kisha ulizeni pia ni nani wa kwetu aliyepata kufikishwa katika bandari hiyo, na kama yeye aliulizwa. Na mgeni akiwajia bwenini asiye na kabila la kutaja, msimcheke. Mpeni nafasi aende likizo, amwulize nyanya yake.