Historia ya Chujio la Kando katika Injini za Malori

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya chama chetu, wengine wameandika habari za mazao, za mikutano na za viongozi. Hapana budi yaandikwe pia machache juu ya malori, maana hakuna gunia la pamba wala la kahawa lililopata kufika kiwandani kwa miguu yake. Uhai wa lori umo katika injini, na uhai wa injini umo katika oili. Injini ikifa kabla ya siku zake, gharama haimwangukii dereva wala fundi. Hukatwa katika bei ya kila kilo aliyoileta mwanachama. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama ajue jinsi wanadamu walivyojifunza kuisafisha oili ya injini, na hasa habari za kile chombo kidogo kiitwacho chujio la kando.

Injini ya dizeli ilipewa jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Alifanikiwa kuionyesha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897. Haikuhitaji cheche ya umeme. Hewa ilishindiliwa ndani ya silinda hata ikawa ya moto mno, na mafuta yaliponyunyizwa humo yaliwaka yenyewe. Injini za kwanza zilikuwa nzito, zikafaa viwanda na meli. Mwaka 1924 kiwanda cha MAN kilionyesha lori la dizeli mjini Berlin, na tangu mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikatengeneza kwa wingi pampu za kunyunyizia mafuta. Hapo njia ya malori ya dizeli ikafunguka.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Marekani, watu walikuwa wakitafuta dawa ya oili chafu. Motokaa za mwanzo hazikuwa na chujio la oili. Oili ilipochafuka ilimwagwa na kutiwa nyingine, aghalabu baada ya mwendo wa maili mia chache tu. Mwaka 1923 Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni chujio waliloliita Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya “oili safi baadaye”. Mwaka uliofuata motokaa ya Chrysler ilitoka kiwandani ikiwa na chujio lake.

Ndipo likazuka swali ambalo mafundi wanalo hata leo: je, oili yote ipitishwe katika chujio, au sehemu yake tu? Chujio lenye matundu madogo sana hukamata uchafu mwembamba, lakini alfajiri, injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito, haipiti kwa urahisi. Oili ikizuiliwa, beringi hukaa kavu, na beringi kavu huungua kwa muda mfupi. Chujio lenye matundu makubwa hupitisha oili yote upesi, lakini uchafu mdogo hupita pamoja nayo.

Katika miaka ya 1930 na 1940 motokaa nyingi zilifuata njia ya kando. Sehemu ndogo ya oili iliyosukumwa na pampu, takriban sehemu 5 hadi 10 katika 100, ilipitishwa kwenye tundu jembamba, ikachujwa polepole, kisha ikarudi katika bakuli la oili chini ya injini. Iliyobaki ilikwenda kwenye beringi bila kuchujwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaenea chujio la mkondo mzima, lipitishalo oili yote, lenye vali ya usalama inayofunguka chujio likiziba. Motokaa ndogo zikaliacha chujio la kando. Lakini malori mazito mengi yaliendelea kuwa na yote mawili, na baadaye injini za Cummins zikapata hata kopo moja lenye machujio yote mawili ndani yake.

Sababu ya malori kutoliacha ni masizi. Dizeli inapoungua huacha masizi, na sehemu yake hupenya na kuingia katika oili. Mapema katika miaka ya 1930 matrekta ya dizeli ya Caterpillar yalisumbuliwa na ringi za pistoni zilizogandamana kwa utando wa uchafu. Mwaka 1935 ilitolewa oili yenye dawa ya kusafisha, iliyouzuia uchafu usigande kwenye chuma na kuuacha ukielea. Hii ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi mara tu baada ya kubadilishwa. Weusi peke yake si dalili ya kufa kwa oili. Ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Lakini uchafu uliozuiwa kuganda bado umo ndani ya oili, na sharti uwepo wa kuutoa.

Uchafu wenyewe hauonekani kwa macho. Hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, na jicho halioni chembe iliyo chini ya maikroni 40. Lakini utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma ndani ya beringi huwa na unene wa maikroni chache tu. Chembe ngumu inayolingana na nafasi hiyo huingia katikati na kukwaruza pande zote mbili. Chembe kubwa hunaswa na chujio la mkondo mzima. Hizi ndogo hulipita na kurudi tena na tena.

Hapo ndipo ilipo faida ya njia ya kando. Tuseme injini ina lita 30 za oili, na chujio la kando hupitisha lita 2 kwa dakika. Katika dakika 15 limekwisha kupitisha kiasi kinacholingana na oili yote, na katika safari ya saa nane limefanya hivyo mara 32. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna za machujio hayo ni nyingi. Yako yaliyojazwa nyuzi za pamba, na yako ya karatasi iliyoshindiliwa. Katika Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 chujio la Frantz lilipata sifa kwa kutumia bunda la karatasi ya chooni, jambo lililowachekesha wengi. Waingereza nao waliendeleza chujio la kuzunguka: oili yenyewe, ikitoka kwa nguvu katika vitundu viwili, hulizungusha kopo kwa kasi kubwa, na masizi hutupwa ukutani yakaganda kama lami. Land Rover za injini ya Td5, zilizotoka mwaka 1998, zilikuwa nalo tangu kiwandani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaye adui mwingine zaidi ya masizi, naye ni vumbi. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikawa hatarini kukosa mafuta. Mapipa yakapakiwa kwenye malori Dar es Salaam, na malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: kiangazi vumbi, masika matope, ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mzigo ulipungua, lakini somo lilibaki kwa kila mwenye lori: vumbi huingia kwa njia ya hewa, na kusafisha oili hakumwondolei mtu wajibu wa kulitunza chujio la hewa.

Je, ushahidi upo, au ni maneno ya wauzaji? Mwaka 1946 reli ya Denver and Rio Grande ilianza kupima chembe za chuma katika oili ya vichwa vya treni vya dizeli, ikagundua maradhi ya injini kabla hazijafa. Mwaka 1988 mhandisi wa General Motors alitangaza kwamba chujio la maikroni 30, likilinganishwa na la 40, lilipunguza kulika kwa injini kwa nusu, na la maikroni 15 kwa sehemu 70 katika 100. Kuanzia mwaka 2002 maabara ya taifa ya Idaho iliyatia mabasi yake manane machujio ya kando. Desturi ilikuwa kubadili oili kila maili 12,000. Sasa oili ilipimwa kwa vipindi na kumwagwa pale tu vipimo vilipoamuru. Mabasi yaliendelea kwa oili ile ile kupita mbali kiwango hicho.

Tuzingatie neno “ilipimwa”. Chujio la kando haliondoi dizeli iliyovujia katika oili, wala halirudishi dawa iliyokwisha nguvu. Anayelifunga kisha akaacha kubadili oili bila kupima amejidanganya. Tena ni nyongeza. Lile la mkondo mzima lisiondolewe kamwe. Mpira wake uwe imara, ufungwe mbali na bomba la moshi, maana ukipasuka njiani oili yote humwagika, na injini hufa dereva asipozima mara moja. Lori chakavu linalokula oili lisifungwe chombo hiki kwa matumaini ya kuponywa, litengenezwe kwanza.

Kwa hiyo, Kamati itakapoletewa shauri la kuyafungia malori yetu chombo hiki, wanachama waulize mambo matatu: bei ya chombo na machujio yake ya kubadilisha, mahali pa kuipimia oili, na fundi atakayeandika daftari la kila lori. Yakipatikana yote matatu, fedha itakuwa imewekwa mahali pema. Likikosekana moja, afadhali tuendelee kubadili oili kwa wakati wake, kwa uaminifu, kama tulivyofanya kwa miaka hii kumi.