Sumbawanga: kutoka "rudi kesho" hadi "mfumo umegoma"

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilimega sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora, ikaunda Mkoa wa Rukwa na kuuwekea makao makuu Sumbawanga. Mwaka huohuo ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mkoa wetu, basi, ulizaliwa na tapureta, karatasi ya kaboni na jalada lililofungwa kwa kamba, na kwa miaka mingi haukujua chombo kingine.

Marufuku ile ilikuwa na sababu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye wizara ikachukua mashine kubwa zaidi za kampuni ya Uingereza ya ICL, ikitaka hesabu za Serikali zipite humo. Kazi ikashindikana. Utaalamu ulitegemea wageni, watumishi hawakuandaliwa, fedha nyingi zikapotea na hesabu zikarudishwa kwenye njia za zamani. Serikali iliyokuwa ikihubiri kujitegemea ikaona heri kukaa bila mashine kuliko kutawaliwa na mashine isiyoielewa.

Nikiwa karani kijana wa masijala katika ofisi moja ya umma hapa mjini, nilifundishwa kazi kama ilivyofanywa tangu mkoa uanze. Barua ikiingia, unaiandika kwenye daftari, unaipa namba ya folio, unaifunga ndani ya jalada, kisha mhudumu analibeba hadi kwa ofisa. Ofisa anaandika dokezo, jalada linakwenda meza nyingine. Barua ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na kipande cha Sumbawanga hadi Tunduma kilikuwa cha vumbi kiangazi na cha tope masika, hadi lami ilipowekwa katika miaka ya 2010.

Lakini safari ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya meza hadi meza. Mwalimu mmoja alitoka Mtowisa, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, akapanda milima ya Lyamba lya Mfipa ndani ya gari la mizigo, akalala kwa ndugu, asubuhi akafika dirishani kuuliza malimbikizo yake ya mshahara. Jibu letu lilikuwa moja: jalada halionekani, rudi kesho.

Marufuku ya kompyuta ililegezwa kidogo kidogo kadiri uchumi ulivyofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1995 Tanzania ikapata kikoa chake cha mtandao, .tz. Barua pepe yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 24 tayari, kwani Ray Tomlinson alituma ya kwanza kati ya kompyuta mbili huko Marekani mwaka 1971. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatia nanga Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa kuelekea mikoani. Mwaka 2012 ikaundwa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo sheria ya mwaka 2019 iliigeuza kuwa Mamlaka. Watumishi waliokuwa wakituma nyaraka za umma kwa anwani zao binafsi wakaelekezwa kwenye mfumo wa barua pepe wa Serikali, GMS.

Mfumo wa kompyuta wa barua na taarifa ulipofika ofisini kwetu, niliuchukia tangu wiki ya kwanza. Nywila ilikataa. Ukurasa ulizunguka hadi chai ikapoa. Siku moja nilijaza taarifa ya robo mwaka nzima, umeme ukakatika kabla sijaihifadhi, nikaanza upya. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitoka Zambia, na ulikatika bila kutuuliza tumefika ukurasa wa ngapi. Kwa hiyo nilichapisha kila barua pepe, nikaipa folio, nikaifunga kwenye jalada kama zamani.

Kilichonigeuza ni mtu mmoja aliyekuja dirishani kuuliza barua yake ya uhamisho. Kwa mazoea nilitaka kusema "rudi kesho", lakini kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu na ilionyesha barua ilipo: imefika Jumanne, imefunguliwa Jumatano, inasubiri kwa ofisa fulani. Nikamwambia. Akatoka moja kwa moja kwenda mlango ule, na saa sita hakuwa tena mjini. Jioni nilijiuliza kwa nini sikufurahi. Jibu lilikuwa gumu kulimeza: sehemu ya hasira yangu haikuhusu nywila wala umeme. Mfumo ulikuwa umeninyang'anya dirisha, na mamlaka ya kumfanya mtu asubiri.

Hata hivyo, kuubadili moyo si kufumba macho: mfumo unaokwama mtandao ukikatika bado una kasoro. Duniani ilikuwepo programu iliyolalamikiwa na maelfu ya wafanyakazi wa ofisini, Lotus Notes, iliyotolewa mwaka 1989. Sura yake iliwaudhi na barua pepe yake iliwachosha. Lakini ilikuwa na hekima moja: iliweka nakala ya kazi kwenye kompyuta yako, ukaendelea bila mtandao, na laini iliporudi nakala zote zikapatanishwa. Walioichukia walikuwa na haki, na walioipenda pia.

Hekima hiyo ndiyo Rukwa inayoihitaji. Tathmini ya utumishi wa umma iliyoanza mwaka 2004, MWAMTUKA, ilikuwa fomu za karatasi. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 nafasi yake imeshikwa na PEPMIS, ambamo mtumishi hujaza kazi zake mtandaoni. Nia ni njema, kwa kuwa fomu nyingi za zamani zilijazwa mara moja kwa mwaka na kusahaulika kabatini. Lakini mwalimu wa bondeni anaambiwa aonyeshe utendaji wake kwa mtandao asiokuwa nao, kwa simu na bando alilonunua mwenyewe. Wapo wanaompa kijana wa steshenari nywila zao awajazie. Nikiwaona, naikumbuka Wizara ya Fedha ya kabla ya 1974: chombo kimefika kabla ya mazingira yake, na lawama inamwangukia aliyekabidhiwa.

Wanaotengeneza mifumo hii waje wakae siku 3 Mtowisa kabla ya kuifungua rasmi. Mwalimu wa pale zamani alipanda mlima kutafuta jalada. Leo wapo wenzake wanaopanda kilima kutafuta mtandao, simu wameiinua juu, ili mfumo uamini kwamba walifundisha.