Bafwasende: Kwa nini finalisti anaanguka kwenye maswali ya nchi yake mwenyewe

Egzama ya Serikali ina sehemu nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Ya maarifa ya jumla ndiyo wanafunzi wanaita kiltiri jenerali. Ndani yake kuna historia, jiografia, uraia na filozofia. Mwanafunzi anapewa maswali ya itemu, anachagua jibu moja, na mashine inasahihisha.

Pale matokeo yanapotoka, lawama nyingi zinamwangukia mtoto. Hasomi, anashinda kwenye simu, hajui hata majimbo ya nchi yake. Lakini pengo hilo halikuanza na simu. Ni la zaidi ya miaka mia moja, na barabara ya Kisangani hadi Bafwasende, kilometa 260 hivi, imeliona likikua.

Shule iliyowekewa kikomo

Mwaka 1906, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili lilifanya mkataba na Vatikani. Misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikachukua kazi ya kufundisha. Lengo lilikuwa kupata makatekista, makarani, waashi na maseremala. Mwafrika aliyetaka kusoma zaidi alikuwa na njia moja kubwa, seminari. Ni mpango wa mwaka 1948 uliofungulia watoto Waafrika sekondari ya jumla. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza kazi, na mwaka huohuo waziri Auguste Buisseret akaanza kufungua shule za Leta zisizo za dini.

Kwa hiyo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima.

Patrice Lumumba mwenyewe hakumaliza sekondari. Alikuwa karani wa posta hapa Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Maarifa yake mengi aliyapata kwa kusoma vitabu na magazeti baada ya kazi, kwa kuandika, na katika vyama vya makarani wenzake.

Mwaka 1964 na egzama moja kwa wote

Tarehe 5 Agosti 1964 Simba waliteka Stanleyville. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji waliangushwa mjini kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mjini vita vilipungua, lakini porini viliendelea. Simba waliingia misitu ya upande wa Opienge na Maiko, na baadhi yao walibaki humo miaka mingi.

Katika vijiji vyetu shule ilikuwa misheni. Misheni ilipofungwa, mapadre na walimu walipouawa au kukimbia, shule nayo ilikufa. Wapo wazee walioacha masomo mwaka ule na hawakurudi tena.

Nchi ikiwa bado haijapona, egzama ya Serikali ikaanzishwa katika mwaka wa shule 1966-1967. Nia ilikuwa njema: diploma iwe na thamani moja popote. Mtoto wa Kinshasa na mtoto wa Bafwasende walipewa maswali yaleyale. Walichokosa kupewa sawa ni walimu, vitabu na maktaba.

Mzigo unahamia kwa mzazi

Mwisho wa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulinyang'anya makanisa shule zake. Leta haikuweza kuzibeba, na tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi. Ndiyo maana hadi leo kuna shule zinazoitwa konvansyone: ni za umma, lakini zinaendeshwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti au Waislamu.

Kisha pesa ya Zaire ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui tena chakula cha juma moja. Walimu waliweka chaki chini. Ili watoto wasipoteze miaka zaidi, wazazi wakakubali kuwatunza walimu wenyewe, kwa muda. Muda huo haujaisha. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya umma ni ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyotaka katika kifungu cha 43. Lakini bure hiyo inasimama pale sekondari inapoanza. Watoto wengi zaidi wanamaliza darasa la sita, halafu wanakutana na mlango wa kulipia.

Maswali matatu

Swali la kwanza: Kongo ina majimbo mangapi? Mzazi aliyesoma mwishoni mwa enzi ya Zaire atasema 11. Tangu mwaka 2015 ni 26, tukihesabu na mji wa Kinshasa, na Bafwasende si ya Jimbo la Mashariki tena, ni ya Tshopo. Mwalimu anayefundisha kwa daftari alilonakili zamani anaweza kumpa mwanafunzi jibu lililokuwa kweli siku zake, na leo ni kosa.

Swali la pili: ni majeshi gani yalipigana Kisangani mwezi Juni 2000? Ni ya Rwanda na Uganda, kwa siku sita, ndani ya mji wa watu wengine. Wakati uleule Bafwasende ilikuwa ngome ya RCD-N ya Roger Lumbala. Vijana wengi waliozaliwa hapa baada ya vita hawajawahi kusikia jina la kundi hilo.

Swali la tatu: mto Ituri unaingia wapi? Mtoto wa Avakubi ameuvua samaki tangu utoto. Lakini egzama inamuuliza kwa Kifaransa, na hajaambiwa kwamba mbele unaitwa Aruwimi na unaingia mto Kongo pale Basoko. Hapo anakosa alama kwa kitu anachokijua kwa mikono yake. Nyumbani ni Kiswahili, Lingala au lugha ya kabila, darasani Kifaransa, na kitabu cha kuunganisha hizo mbili hakipo.

Kwa familia zilizokimbia

Mashambulizi ya ADF katika Mambasa, jimboni Ituri, yamesukuma familia nyingi kwenye barabara namba nne, kupitia Niania kuja huku. Mtoto aliyefika na nguo peke yake amepoteza pia daftari, na mara nyingi karatasi zake. Hapa kuna mambo ya kufanya.

Buleteni na cheti cha msingi vifungwe kwenye plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi, vitoke nyumbani na mtu na si na mzigo. Karatasi zikiwa zimeungua, mzazi amwone prefe wa shule iliyo karibu na ofisi ya sudivizyo ya elimu mapema, kabla orodha ya finalisti haijafungwa. Kijana aliyekatiwa masomo miaka mingi ajue kwamba egzama ya Serikali inapokea pia watu wanaoitwa otodidakti, ambao hawatoki shuleni. Wao wanapita kwanza mtihani wa kutangulia.

Na kuna jambo lisilohitaji franga hata moja. Bibi anaposimulia jinsi walivyojificha msituni wakati wa Simba, mjukuu wake wa sekondari aandike: mwaka gani, nani alikuja kutoka wapi, kijiji gani kiliungua, padre gani au mwalimu gani alikuwepo. Redio inapotaja jina la jimbo au la mto, alitafute kwenye ramani, hata ile iliyochorwa kwa makaa ukutani. Kisha amuulize mwalimu jambo lile linasemwaje kwa Kifaransa.

Wazee waliomwona Simba wa 1964 wakiwa watu wazima sasa wamepita miaka 75. Walioanza darasa la kwanza mwaka ule wanakaribia 70. Mwanafunzi anayesubiri kitabu kipya kifike kutoka Kinshasa anaweza kukipata akiwa wao hawapo tena.