Majina ya Maradhi ya Viungo: Kidingapopo na Chikungunya

Katika ngeli ya KI-VI ya Kiswahili yamo majina mengi ya maradhi: kifafa, kifaduro, kichomi, kichocho, kisonono, kipindupindu. Baadhi ya majina hayo yametokana na vitenzi, na hueleza lile ambalo maradhi humtendea mgonjwa. Kichomi ni maumivu yachomayo ubavuni. Kipindupindu chahusiana na kupinda na kupindua. Majina ya namna hii yana manufaa makubwa kwa mwanahistoria, kwa kuwa yalitungwa na watu walioyaona maradhi kwa macho yao, pasipo darubini wala maabara. Mawili ya jamii hiyo, moja la Kiswahili na moja la Kimakonde, yamesafiri mbali sana na nchi zake, na yote mawili yahusu maumivu ya viungo, yaani mahali pakutanapo mfupa na mfupa. Habari zake zaonyesha ya kwamba jina lichukuliwapo na maana yake ikaachwa nyuma, hata matabibu waweza kupotea njia.

Katika mwaka wa 1870 maradhi ya homa yaliingia Unguja na kuenea upesi mjini. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika habari zake mwaka wa 1872. Homa ilimshika mtu kwa ghafla, viungo vikamkaza na kumwuma, na maumivu yale yaliweza kuendelea hata baada ya homa kwisha. Wazee wa mji hawakuyastaajabia. Walisema ya kwamba yaliwahi kufika zamani, yapata mwaka wa 1823, na jina lake walilijua: kidinga pepo. Christie alilifasiri kuwa ni mshiko wa ghafla wa kukaza mwili uletwao na pepo. Katika kamusi za baadaye pepo amegeuka popo, na neno laandikwa kidingapopo. Kutoka pwani hii maradhi yalifuata njia za vyombo, yakafika Aden mwaka wa 1871, kisha Bara Hindi.

Katika miaka ya 1827 na 1828 maradhi yaliyofanana na hayo yalikuwa yamevipiga visiwa vya Karibi, na huko Cuba yakaitwa dengue. Neno hilo kwa Kihispania lilikuwa na maana ya madaha na maringo, nao wagonjwa walitembea wamekakamaa kama watu wenye kuringa. Katika makala ya mwaka wa 1881 Christie alitoa rai ya kwamba neno dinga lilivushwa bahari pamoja na watumwa, na wasemao Kihispania wakalivika sura ya neno walilokuwa nalo. Rai hiyo imeingia katika kamusi kadhaa, ingawa si wataalamu wote wa asili ya maneno walioikubali. Baadaye jina la dengue lilifungwa kwenye virusi maalumu, vilivyotengwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka wa 1943. Tangu hapo kidingapopo kimefasiriwa kuwa ni dengue, kana kwamba hapakuwa na swali lolote.

Swali lilizuka kusini mwa Tanganyika. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa kali ilienea wilayani Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Maji ni haba katika nchi ile, na watu walikuwa wakiyaweka akiba majumbani. Ndani ya maji hayo mbu aina ya Aedes huzaana. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walitoa maelezo ya maradhi hayo mwaka wa 1955. Naye R. W. Ross akaeleza, mwaka wa 1956, jinsi virusi vyake vilivyotengwa kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni dengue. Ikaonekana kuwa ni virusi vya jamii nyingine kabisa. Jina lililochaguliwa ni lile walilolitumia wenyeji: chikungunya.

Neno hili hutajwa katika vitabu vingi vya tiba kuwa ni la Kiswahili. Kosa hilo laonekana katika silabi ya kwanza. Kiambishi chi- cha Kimakonde ndicho ki- cha Kiswahili, na shina lake latokana na kitenzi kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Chikungunya basi ni kile kikunjacho mtu, na mwenye kukunjwa ni mgonjwa ashindwaye kunyoosha magoti na mgongo. Jina halitaji pepo, wala halitaji kisababishi chochote. Lasema umbo la mwili tu. Katika jambo hili latofautiana pia na baridi yabisi. Maneno hayo mawili, ya asili ya Kiarabu, maana yake ni ubaridi na ukavu, nazo ni sifa mbili kati ya nne zilizotumiwa na waganga wa Kiyunani na wa Kiarabu kueleza chanzo cha maradhi. Majina matatu ya maumivu ya viungo yatoa basi habari tatu: moja lamtaja pepo, moja lataja tabia ya mwili, na la tatu lataja lionekanalo.

Sayansi imelithibitisha lile la tatu. Virusi vya chikungunya huzaana katika seli zitengenezazo nyuzi za kuunganisha mwili, katika misuli, na katika utando wa ndani wa viungo. Mwili uvipigapo vita, viungo huvimba, na maumivu yaweza kudumu miezi, hata miaka, hasa kwa watu wa makamo na wazee. Dengue nayo huumiza mifupa na misuli, lakini kwa kawaida maumivu hayo huondoka pamoja na homa. Hatari yake kubwa ni kuvuja kwa mishipa midogo ya damu. Kwa kuipima tofauti hiyo, Donald Carey alitoa hoja mwaka wa 1971 ya kwamba maradhi ya Unguja ya 1823 na 1870, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyokawia, yaelekea yalikuwa chikungunya. Ikiwa ndivyo, na ikiwa Christie alisema kweli juu ya neno, basi jina la Kiswahili lilihama likapewa maradhi mengine, na maradhi yenyewe yakabaki bila jina katika vitabu mpaka Wamakonde walipoyapa la kwao.

Jambo hili halikwisha na karne iliyopita. Mwaka wa 2004 chikungunya ilizuka Lamu, ikafika Mombasa. Mwaka wa 2005 ilikuwa Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua. Neno la Newala likawafikia wasemaji wa Kiswahili kama jina geni la maabara, hali mababu zao huenda waliyajua maradhi yale yale kwa jina la kidinga pepo. Mgonjwa wa viungo katika pwani hiyo bado aweza kuhesabiwa kuwa ana malaria, au kuambiwa ni baridi yabisi, akaenda zake. Watungao kamusi wana deni hapa. Yafaa kidingapopo kielezwe kwa maana zake mbili, ile ya kamusi za sasa na ile ya wazee wa mwaka wa 1870. Na chikungunya iandikwe kuwa ni neno la Kimakonde, pamoja na maana yake.