Chai ya Jioni Ilitoka Wapi?

Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka Limuru, Kinangop au Kericho, kazi ya kwanza ya jioni ni kuteleka sufuria ya chai. Anayeingia kutoka kwenye baridi hukishika kikombe kwa mikono miwili kabla hajasalimia sawasawa. Ungedhani desturi hii ni ya tangu jadi. La, hasha.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza huko Limuru, mwaka wa 1903. Mashamba ya makampuni makubwa yalianza Kericho katika miaka ya 1920. Mwafrika aliajiriwa kuchuma, lakini kupanda kwake mwenyewe kulisubiri miaka ya 1950. Shirika la wakulima wadogo, KTDA, lilianzishwa mwaka wa 1964. Nako kuchemsha majani, maziwa na sukari katika sufuria moja, tunafanana na Wahindi. Kabla ya hapo, aliyehisi baridi huko milimani alipewa uji wa wimbi au wa mtama.

Hapo ndipo mtoto alipopoteza kitu, kwa maana uji ni chakula. Chai hujaza tumbo dogo na kulipa joto, mtoto akanyamaza, nasi tukadhani ameshiba. Tena majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, mengi yakapita bila kuingia mwilini. Mtoto wa chai na andazi kila siku yumo hatarini kupungukiwa na damu. Mama mjamzito pia.

Sisemi uiache chai yako! Inywe saa moja au zaidi baada ya chakula. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ni maziwa ya mama pekee, hata usiku wa baridi; joto atalipata kifuani mwako. Aliyepita umri huo mpikie uji mzito.

Kisha kuna moto wenyewe. Mwaka wa 2016, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kuwa vinywaji vinavyozidi digrii 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chai inayotoka jikoni imepita hapo mbali sana. Imimine, ingoje dakika kadhaa, na usiiweke ukingoni mwa meza anapotambaa mtoto.